Damu ya Ndama Asiyeogopa

Kwa akina Yvette Bressette, mooz akikuona akatimka, unacheka na kuendelea na safari yako. Akisimama akakutazama tu, moyo unaanza kukudunda. Akianza kukufuata taratibu, shingo imelala upande mmoja, hapo hakuna tena mjadala: tafuta gari, tafuta mti, tafuta pa kupita. Mooz ni kulungu, sawa, lakini ni kulungu mwenye kimo cha farasi na kwato za kuvunja mbavu, na yule asiyeogopa binadamu pale kaskazini ya ziwa lao kubwa, nchi ya theluji, huwa ameshaingiwa na mnyoo kichwani.

Mnyoo mwenyewe ni mwembamba kuliko uzi wa kushonea. Wale kulungu wadogo wenye mkia mweupe wanaishi naye miaka nenda rudi na hawaugui hata mafua. Wanamwaga watoto wake kwenye mavi, konokono uchi wanapita juu ya mavi hayo, kisha mooz, maskini wa Mungu, anakula majani pamoja na konokono. Basi, kazi imekwisha. Mnyoo anapanda mpaka kwenye ubongo, na yule mnyama mkubwa anaanza kuzunguka mahali pamoja, anaburuta mguu, haoni, hasikii, woga wote umemtoka. Zamani watu wa kijiji cha Yvette walipata chakula na mavazi kutoka kwa mooz. Siku hizi wakimwona mmoja bondeni wanapigiana simu.

Yvette alikuwa daktari wa wanyama aliyeajiriwa na kabila lake, wenyeji wa asili wa nchi ile, na kilichomkosesha raha ni hiki: humjui mwenye mnyoo mpaka umkate kichwa. Kila msimu wa kuwinda watu walimletea vichwa ndani ya mifuko ya takataka, naye akivipasua na kutafuta ule uzi kwenye utando wa ubongo. Sasa alikuwa akitengeneza kipimo cha damu. Mnyama aliyeguswa na mnyoo mwili wake hutengeneza kingamwili, nazo zinaonekana: unatia damu kwenye vishimo vya sahani ya plastiki, unatia dawa, unasubiri. Kikigeuka njano, ameguswa. Kikibaki cheupe, salama. Alikuwa amekilinganisha kipimo chake na vichwa vingi, na mara nyingi damu na kichwa vilisema neno moja. Mara nyingi, si mara zote, na hizo chache zilimkaa kooni.

Mama yake mdogo, Marcella, aliyemlea tangu mama mzazi alipofariki, hakumwita daktari wa wanyama hata siku moja. Alimwita Daktari Mavi.

"Daktari Mavi umekula?" angeuliza kwenye simu. "Nimekaanga mkate na samaki wa moshi yupo. Nawa mikono mpaka kwenye viwiko kabla hujaingia kwangu."

Mwishoni mwa Mei, Marcella ndiye aliyepiga simu kusema kuna mooz jike ameanguka kijitoni chini ya nyumba yake, na ubavuni pake kuna ndama mchanga. Alikuja Leland Houle, mkuu wa wanyamapori, akamaliza mateso ya yule mama kwa risasi moja. Yvette alimpasua kichwa siku hiyo hiyo akamkuta mnyoo, tena si mmoja. Akamuuliza Marcella, "Ndama amenyonya?"

"Hakunyonya," alisema Marcella.

Baraza la kijiji likakubali Marcella amlee kwa maziwa ya mbuzi mpaka awe na umri wa kuachwa porini, kwa sharti kwamba hatamfanya mtoto wa nyumbani. Asimpe jina, asimwingize ndani. Marcella akatii, kwa namna yake. Jina hakumpa. Akiwa na chupa ya maziwa alisimama uani akaita, "Wewe! We, wewe!" na ndama akaja mbio na miguu yake mirefu inayogongana. Leland alikuwa akipita pale siku moja na kahawa yake mkononi, akasikia "Wewe!" akageuka kuitika. Marcella alicheka hadi akakaa chini, na tangu siku hiyo hilo "Wewe" likageuka jina la ndama.

Lakini Julai kicheko kilikwisha. Wewe aliruka ua, akafuata gari la posta hadi barabarani, kisha akaingia uwanja wa shule palipokuwa na watoto wa masomo ya likizo. Alisimama katikati yao akawanusa nywele. Watoto walifurahi. Mwalimu hakufurahi, na Leland ndiye aliyekasirika zaidi, kwa sababu ni kwenye uwanja huo huo ambapo miaka miwili nyuma mooz mgonjwa aliingia akizunguka, na yeye Leland akalazimika kumpiga risasi watoto wakitazama. Mpaka leo kuna mtoto haendi msalani peke yake.

Alifika kwa Marcella akiwa na bunduki garini. Yvette alikuwapo.

"Haogopi watu," alisema Leland. "Mooz, na haogopi watu, Yvette. Unajua maana yake kuliko mimi."

"Haogopi watu kwa sababu anapewa chupa na watu," Marcella alimkatiza. "Ungekuwa wewe unapewa maziwa kila asubuhi ungemwogopa nani? Hebu ondoka uani kwangu na hilo bomba lako."

"Mama Marcella, ua wako una mavi ya kulungu kila pembe. Majani unayomkatia yamejaa konokono. Mama yake alikufa na nini? Nikae nisubiri mpaka amkanyage mtoto wa mtu?"

Yvette alisikia mdomo wake ukisema kabla yeye hajafikiri. "Nipe damu yake. Kipimo ndicho kitakachosema. Akiwa ameguswa, sitakuzuia."

"Utasema hivyo mbele ya baraza?"

"Nitasema."

Akasema, na watu wakasikia. Marcella alimshika shavu walipotoka. "Umefanya vizuri, mwanangu. Mtoto hana kitu yule. Kipimo chako kitamwokoa."

Kuchukua damu kulikuwa balaa. Leland alimbana ndama ukutani, Marcella akamshika masikio akimnong'onezea, na Yvette akaingiza sindano shingoni. Wewe akalia. Wenye kumsikia ndama wa mooz akilia watakuambia kwamba ni sauti ya mtoto wa binadamu kabisa. Yvette akakosa mshipa, akarudia. Walipomwachia alikimbilia nyuma ya Marcella, akachungulia kutoka kwapani pake, macho yamemtoka, akimtazama Yvette.

Kesho yake, maabara, Yvette aliandaa sahani yake. Vishimo vya mnyama anayejulikana kuwa mzima, vishimo vya mgonjwa, na katikati vishimo vya Wewe. Akatia dawa ya mwisho, akakaa akitazama. Alitarajia aone weupe aende nyumbani akale.

Vikageuka njano.

Si njano ya kubabaisha. Ilikuwa njano ya kiini cha yai, sawasawa na ile ya mgonjwa pembeni yake. Akamwaga kila kitu, akaosha vyombo, akaanza upya, safari hii polepole, akihesabu kwa sauti asije akaruka hatua. Vikageuka njano tena.

Aliogopa. Tuseme ukweli, aliogopa kama hajawahi kuogopa tangu azaliwe. Aliogopa risasi ya Leland. Aliogopa uso wa Marcella. Na chini ya hayo yote kulikuwa na hofu nyingine aliyoionea haya: kwamba angeweza kusema "vyeupe" na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Sahani ingeoshwa. Leland hajui kusoma vishimo. Alikaa na wazo hilo muda mrefu, akalisikia likimnong'oneza vizuri kabisa. Halafu akawaona wale watoto wa shule wakinuswa nywele na mnyama mwenye mnyoo kichwani, akasimama ghafla na kiti kikaanguka nyuma yake.

Njiani kuelekea kwa Marcella alijaribu kufikiri. Kitu kimoja tu kingeweza kugeuza vishimo njano bila mnyoo: dang'a. Maziwa yale ya kwanza, mazito, ya manjano, ambayo mama hutoa siku ya kuzaa, ndiyo yanayobeba kingamwili za mama na kumpa mtoto. Mama aliyekufa na mnyoo dang'a yake ingekuwa imejaa alama za mnyoo. Mtoto angezibeba miezi kadhaa bila kuwa na mnyoo wowote, kisha zingepungua zenyewe mpaka ziishe. Lakini ndama hakunyonya. Alimuuliza Marcella kwa kinywa chake, na Marcella hakuwa mtu wa kudanganya.

Alimkuta akimenya viazi.

"Imekuwa njano," alisema Yvette, bila hata salamu.

Kisu kilisimama. "Maana yake?"

"Maana yake ameguswa. Nimerudia, ni vilevile." Alishika mgongo wa kiti. "Ma'mdogo, nilikuuliza siku ile. Nilikuuliza kama amenyonya."

"Nikakwambia hakunyonya."

"Hata tone?"

"Angenyonyaje? Mama mtu alilala juu ya chuchu zake, hajiwezi, miguu inapiga hewa. Mtoto alikuwa anazunguka tu anatafuta. Hakunyonya, Yvette. Nilimkamua mimi."

Yvette alimtazama. "Ulifanya nini?"

"Nilimkamua. Niliingia kijitoni nikapenyeza mkono chini ya ubavu nikapata kikombe kizima, kile kikubwa cha bati. Nikamnywesha mtoto kwa kidole. Ulitaka afe bila hata maziwa ya mama yake? Mbuzi hana maziwa yale." Kisha akaona uso wa Yvette ulivyobadilika. "Kwani nimefanya nini?"

"Kwa nini hukusema!"

"Hukuuliza kama nimekamua! Umeuliza kama amenyonya!"

Ebo! Hapo ndipo Yvette alipocheka na kulia kwa mpigo mmoja, akashika meza. Lakini Marcella hakucheka. Alijifuta mikono kwa aproni akatazama dirishani, na mara Yvette akaelewa kulikuwa na sababu nyingine ya kunyamaza. Sheria ya kijiji iko wazi: ukimwona mooz mgonjwa, unapiga simu saa ile ile, ili asiteseke na kichwa kifike kikiwa kibichi. Marcella hakupiga simu saa ile ile. Alimwona alfajiri.

"Nilijua Leland akija atampiga na maziwa yatakwisha," alisema Marcella kwa sauti ndogo. "Basi nikamwacha. Nilimwekea tumbaku kichwani kama wazee walivyotufundisha, nikamwomba radhi, kisha nikamkamua yuko hai, anateseka, mpaka kikombe kikajaa. Ndipo nikapiga simu. Usimwambie Leland."

Lakini Leland alikuwa mlangoni. Alikuwa amekuja kuuliza majibu, na mlango wa jikoni ule haufungwi Julai yote. Alikuwa amesikia ya kutosha.

"Kwa hiyo leo ndiyo umekumbuka," alisema. "Kipimo kimesema mgonjwa, na leo ndiyo kikombe kimepatikana."

"Unaniita mwongo jikoni kwangu?"

"Sijui nikuite nini, Mama Marcella. Nilifika pale yule jike amechimba matope kwa miguu mpaka limekuwa shimo. Nilijiuliza mwezi mzima amelala pale tangu lini. Umenijibu." Uso ulikuwa umemwiva. Akamgeukia Yvette. "Na wewe? Ulisema damu ikisema, hutanizuia. Uliapa mbele ya watu."

Yvette alijua kwamba hapa ndipo maisha ya ndama yanapoamuliwa, na kwamba neno lake mwenyewe ndilo lililomfunga kamba.

"Damu imesema ana kingamwili," alisema. "Haijasema zimetoka wapi. Hilo ni kosa la kipimo changu, Leland, na kosa langu mimi kuapa kabla sijalifikiria. Nipe muda. Kama ni dang'a, njano itafifia. Kama ni mnyoo, itakolea. Nikichukua damu nyingine mwishoni mwa Agosti tutaona."

"Na katikati hapo akipata wazimu?"

"Atazungushiwa ua mara mbili. Akiinamisha kichwa upande, akaburuta mguu, mara moja tu, usinipigie hata simu."

Leland aligeuka kuelekea garini. "Mara moja tu," alisema. "Na usije ukanililia."

Jamani, wiki zile! Marcella na Yvette hawakuwa na usingizi wala hamu ya kula. Kila asubuhi Yvette alisimama nje ya ua kumtazama Wewe akitembea. Akijikwaa kwenye mzizi, Yvette alishika mdomo. Akigeuka kunusa mkia wake, alihesabu kama amezunguka. Marcella aliacha kabisa kumkatia majani ya bondeni. Alikwenda kukata juu mlimani penye ukavu, na aliyafuta moja moja kwa kitambaa, mwanamke mzima mwenye magonjwa ya magoti. Leland naye alipita na gari polepole, kioo kimeshushwa, asishuke wala asisalimie.

Asubuhi moja Wewe alisimama katikati ya ua na kichwa kimeinama upande wa kushoto.

Wanawake wawili waliganda. Kichwa hakikurudi. Ndama alipiga hatua, akayumba, akakiinamisha zaidi.

"Hapana," Marcella alisema. "Hapana, hapana, wewe, hapana."

Barabarani injini ya gari la Leland ilikuwa ikisikika ikipanda kilima. Marcella akaruka ua. Usiniulize aliurukaje. Alimkamata ndama kichwa, akaingiza kidole sikioni, akachokoa, akatoa mbegu ya mmea yenye miiba, kubwa kama punje ya hindi. Wewe akakung'uta masikio, kichwa kikasimama wima. Gari likafika. Leland alimkuta Marcella ameketi matopeni, amemkumbatia ndama shingoni, analia huku akicheka, na Yvette ameinua ile mbegu ya miiba ili aione.

Kitu kimoja kilikuwa kikimuuma Yvette katika siku zile, na hakumwambia mtu. Wewe alimwogopa. Wengine wote aliwafuata, hata Leland angemlamba mkono akimruhusu. Lakini Yvette akikaribia tu ua, harufu yake ya dawa za maabara ikimfikia, ndama alijibanza nyuma ya Marcella akitetemeka magoti. Mtu aliyekesha akiomba asife ndiye pekee aliyekimbiwa.

Damu ya pili ilichukuliwa kwa shida kuliko ya kwanza. Safari hii Yvette alimwita Leland maabara, akamketisha. Alikuwa amehifadhi damu ya Julai kwenye friza. Akaweka ya Julai na ya Agosti kwenye sahani moja, dawa moja, dakika moja, asije mtu akasema lolote. Walikaa wakiitazama sahani. Vidole vya Yvette vilikuwa baridi hadi akavikalia.

Vya Julai vikageuka njano. Vya Agosti vilitaka kugeuka, vikawa na rangi ya maji ya mchele, vikaishia hapo.

"Hiyo ni nyeupe?" aliuliza Leland.

"Inaelekea. Mwezi ujao itakuwa nyeupe kabisa. Hana mnyoo, Leland. Ni maziwa ya mama yake yanaisha."

Leland alipumua kwa nguvu, akajisugua uso kwa viganja. Yvette aliona kwamba naye alikuwa akiogopa muda wote ule, akaona aibu kwa mawazo yake juu yake. Alitaka kumkumbatia. Ila Leland alikuwa hajamaliza.

"Nimefurahi, Mungu anajua. Lakini niambie jambo moja. Mwakani mtamwachia. Ataenda huko, atamwona mtu, atamfuata, kwa sababu kwake mtu ni chupa ya maziwa. Mtu huyo atajuaje kwamba huyu ni mzima? Mimi nitajuaje? Porini sina hivi vishimo vyako. Nina macho tu. Mooz akinijia, nampiga. Na kila mwindaji wa hapa atampiga, na sitamlaumu."

Yvette alianza kuosha sahani. Kipimo chake kilikuwa kimefanya kazi yake yote.

Alimfikishia Marcella maneno yale kama yalivyo, na Marcella hakubisha. Majira yote ya baridi, theluji ikiwa imefunika ua, alijaribu. Alimkaripia Wewe. Alimrushia mipira ya theluji. Wewe akadhani ni mchezo akaiokota kwa mdomo. Alitoka akigonga sufuria kwa mwiko na kupiga kelele, lakini sufuria ndiyo aliyokuwa akimlishia, na Wewe akaja mbio akijilamba. Leland aliyeona hayo kutoka barabarani alitikisa kichwa na kuondoka. Ndama alikua. Kufikia Aprili alikuwa amempita Marcella kimo, na bado aliweka kidevu chake begani kwa Marcella na kufumba macho.

"Mama yake angekuwa hai sasa hivi angemfukuza," Marcella alisema siku moja. "Ndivyo wanavyofanya. Mwaka ukifika, mama anamgeukia mtoto wake anampiga teke mpaka aondoke. Niliona wengi nilipokuwa msichana. Mtoto anarudi, anapigwa. Anarudi, anapigwa. Nilikuwa nadhani ni ukatili."

"Ma'mdogo, huwezi kumpiga mateke."

"Siwezi," alikubali. "Nimejaribu. Mkono unakataa."

Siku iliyofuata aliingia maabara ya Yvette, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga kwa sababu ya vichwa. Alikuwa amekunja mkononi lile koti lake la sufu jekundu, la kuvaa kila siku, linalonuka moshi, samaki na maziwa ya mbuzi. Alikuwa ameongeza kofia yake na glavu.

"Vaa," alisema.

"Nivae ya nini?"

"Anakuogopa wewe peke yako. Mimi haniogopi hata kidogo." Alilisukuma lile koti kifuani kwa Yvette. "Nenda kwake ukiwa mimi. Akinusa ataniona mimi, atakuja. Umchome sindano. Umpige kwa fimbo. Umpigie kelele. Kesho uende tena, na keshokutwa, mpaka harufu yangu imtie hofu. Akiniogopa mimi, hakuna mtu atakayemsogelea tena duniani."

"Ma'mdogo, hapana. Mimi siwezi."

"Utaweza. Umezoea kutukanwa." Akajaribu kucheka, midomo ikakataa. "Wengine wote ataweza kuwasahau, Daktari Mavi. Mimi ndiye nitakayemuua."

Basi Yvette akavaa. Mara ya kwanza Wewe alikuja mbio kama kawaida yake, akaweka kidevu begani, akafumba macho, na Yvette akamchoma sindano shingoni. Macho yale yalifumbuka yakatazama lile koti. Hakukimbia kwanza. Alirudi nyuma hatua moja akasubiri, kama aliyedhani kuna makosa yamefanyika, kisha akasogea tena, na Yvette akamchapa fimbo usoni na kupiga ukelele ambao hakujua anao. Ndani ya nyumba Marcella alikuwa amefungua redio sauti yote. Hata hivyo Yvette alijua kwamba anasikia.

Siku baada ya siku. Siku nyingine Wewe alikuja nusu ya njia. Nyingine alisimama mbali akilia ile sauti yake ya mtoto. Marcella hakutoka nje tena upande wa ua. Maji na majani yalipelekwa na Leland, akiwa amejifunika uso na mikono, kimya kabisa. Yvette kila alipovua koti lile alilitundika mbali naye, akaoga maji ya moto, na bado hakujipenda.

Walifungua lango Mei, asubuhi yenye upepo. Wewe hakuhitaji kufukuzwa. Alipita langoni akanusa huku na huku, akashuka taratibu kuelekea kijitoni, akasimama kwenye vichaka vya ng'ambo akitafuna machipukizi. Leland alikuwa karibu na gari lake, bunduki mkononi, mtutu wake umeelekea chini. Yvette alisimama karibu naye.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Marcella alitoka na gauni lake la nyumbani, kichwa wazi, bila koti lolote. Alikuwa hajamwona Wewe tangu Yvette alipovaa koti lile. Alitembea mpaka kwenye lango, akashika nguzo, akasimama.

"Ma'mdogo, rudi," Yvette alinong'ona.

Wewe aliinua kichwa. Kwa muda alitazama tu, masikio mbele, majani yakining'inia mdomoni, na Yvette akasikia Leland akifungua kufuli ya usalama ya bunduki. Marcella hakuita wala hakuinua mkono. Ndipo upepo ukageuka, ukatoka kwake kuelekea kijitoni.

Manyoya ya mgongoni kwa Wewe yalisimama. Akageuka kwa namna ambayo kiumbe kikubwa vile hakitarajiwi kugeuka, akavunja vichaka, akapasua maji, akapanda ukingo wa pili na kupotea, na kwa muda mrefu walisikia matawi yakikatika mbali zaidi na zaidi.

Leland alirudisha bunduki garini.

Marcella aliendelea kuishika ile nguzo. Yvette alipomfikia aliona mabega yanamtetemeka, akataka kumshika, akaogopa kumgusa.

"Umeona?" Marcella aliuliza. "Kanikimbia."

"Nimeona, Ma'mdogo."

"Basi mzima," alisema Marcella, na machozi yakamtoka waziwazi. "Mtoto mzima kabisa yule."